Kutoka Goma: Moshi, Miti na Upepo

Mgeni anayefika Goma huona mambo matatu kabla hajauliza njia. Huona mlima wa Nyiragongo upande wa kaskazini, wenye urefu wa meta 3,470, na moshi juu ya kilele chake. Huona ziwa Kivu upande wa kusini. Na kati ya mlima na ziwa huona mawe meusi kila mahali: nyumba zimesimama juu yake, nyua zimezungushwa kwayo, na viatu vya watoto wa shule huisha upesi kwa sababu yake.

Watu wa Goma wameuzoea mlima huo kama mtu anavyomzoea jirani mkali. Ulipasuka tarehe 10 Januari 1977. Tarehe 17 Januari 2002 lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, iliteremka hata katikati ya mji, ikala maduka na nyumba kwa maelfu, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, kisha ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilitoka tena wakati wa jioni, nayo ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kila mara watu walikimbia, na kila mara walirudi, wakachukua nyundo, wakapasua mawe yale yale yaliyowafukuza, wakajenga.

Lakini leo sitaki kusimulia habari za moto. Nataka kusimulia habari za hewa, na za moshi, na za biashara mpya ambayo wengi wameisikia ikitajwa na wachache wameelezwa maana yake.

HEWA ISIYOONEKANA

Kila mtoto wa Goma hufundishwa na mama yake kuyaogopa mazuku. Mazuku, ambayo wazee huyaeleza kuwa upepo mbaya, ni hewa inayotoka katika nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujikusanya katika mabonde na mashimo, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma. Mbuzi akishuka shimoni kula majani, hasimami tena. Mtu mzima aweza kupita salama kwa kuwa kichwa chake kiko juu ya hewa hiyo, huku mbwa anayemfuata akianguka. Ndiyo sababu mama wa Mugunga au Bulengo hamlazi mtoto chini popote anapoona pamebonyea.

Hewa hiyo wataalamu huiita kabonidayoksaidi, na Kiswahili cha siku hizi huiita hewa ya ukaa. Imo pia kwa wingi ajabu katika maji ya chini ya ziwa letu: wataalamu huhesabu kilometa za ujazo 300 hivi, pamoja na kilometa za ujazo 60 hivi za methani, hewa inayowaka. Ng'ambo, katika nchi ya Rwanda, karibu na Karongi, mtambo mmoja huivuta methani hiyo na kuifanya umeme wa megawati 26.

Basi, hewa ya ukaa inayomwua mbuzi shimoni ndiyo hiyo hiyo inayozungumzwa katika mikutano mikubwa ya dunia. Juu angani haimsongi mtu pumzi. Kazi yake huko ni kama ya blanketi: huzuia joto la dunia lisitoke. Kidogo chafaa, kwa maana pasipo blanketi tungeganda. Lakini tangu watu walipoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta katika viwanda, magari na ndege, blanketi linazidi kuwa zito, na mvua na kiangazi vinaacha kushika zamu zao.

Tena hapa yafaa tuseme ukweli kuhusu nani aliyelifuma blanketi hilo. Tukihesabu mafuta na makaa ya mawe, Mbelgiji mmoja kwa wastani hutoa karibu tani saba za hewa hiyo kwa mwaka. Mkongomani mmoja hafikishi hata sehemu moja ya kumi ya tani. Sisi dhambi yetu kubwa katika jambo hili si mafuta, bali ni msitu tunaoukata. Na hapo ndipo tunapofika kwenye gunia la makala.

GUNIA LA MAKALA

Mwaka 2019, wakati wa likizo kubwa, nilipanda gari kutoka Goma kwenda Rutshuru, safari ya kilometa kama 70 kuelekea kaskazini. Tulipotoka mjini tulianza kupishana na vijana wa chukudu. Msomaji asiyeijua chukudu afahamu kwamba ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili na usukani. Mwenyewe huweka goti moja juu yake, na kwa mguu mwingine husukuma ardhi. Katikati ya mji imesimamishwa sanamu yake yenye rangi ya dhahabu, kwa maana bila chukudu Goma haili. Vijana wale walikuwa wakishuka kutoka Kibumba, wengine na kabichi na viazi, wengine na magunia ya makala yamepangwa mpaka yanawapita vichwa.

Mmoja wao nilimtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu. Tuliposimama kununua karoti alinisogelea, amejaa vumbi jeusi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kumbe ndiyo sababu kila Jumatatu kiti chako ni kitupu?”

Aliinama. “Mwalimu, gunia moja ni chakula cha siku mbili nyumbani. Nisiposhuka Jumapili usiku, Jumatatu hatupiki.”

Sikuwa na neno la kumjibu, kwa kuwa nyumbani kwangu pia siku hiyo maharagi yalikuwa yakipikwa kwa makala, pengine yale yale aliyoyashusha yeye. Sehemu kubwa ya watu wa Goma hupika kwa makala juu ya jiko dogo, ambalo sisi wa Kivu huliita mbabula. Na makala hula msitu kuliko tunavyodhani. Mchoma makala hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huyaacha yaungue polepole kwa siku nyingi. Katika tanuru za namna hiyo kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za makala. Zilizobaki zote zimekwenda na moshi.

Kuni hizo hutoka wapi? Nyingine hutoka katika mashamba ya watu. Nyingine, tusifichane, hutoka katika Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna yake katika Afrika yote, yenye kilometa za mraba 7,800 hivi. Mwaka 1994, wakimbizi wapatao milioni moja walipoingia kutoka Rwanda na kuwekwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko, msitu wa kandokando ulikatwa maelfu ya hekta kwa ajili ya kuni tu. Baadaye biashara ya makala iliingia mikononi mwa watu wenye bunduki. Mwezi wa Julai 2007 sokwe wa milimani waliuawa kwa risasi ndani ya hifadhi, wala hawakuliwa wala kuchukuliwa. Upelelezi ulionyesha kwamba mauaji yale yalihusiana na biashara ya makala. Na walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kupoteza maisha yao tangu hifadhi ilipoanzishwa. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa katika shambulio moja: walinzi 12, dereva wao na wanakijiji wanne. Gunia la makala, ndugu msomaji, lina bei nyingine isiyotajwa sokoni.

MZEE NA MITI YAKE

Siku ile ile, juu ya kilima upande wa Kibumba, nilimkuta mzee mmoja akipalilia miche. Alikuwa na shamba dogo. Nusu yake alikuwa amepanda viazi. Nusu nyingine ilikuwa mistari ya mikaratusi yenye miaka minne, na mpakani gravilea.

“Mzee, kwa nini umewanyima viazi nafasi nzuri namna hii?” nilimwuliza.

Alicheka. “Mwalimu, viazi ni vya mwaka huu. Mistari ile mitatu ni ada ya shule ya wajukuu. Nitaikata, nitaichoma makala yangu mwenyewe, na hakuna mlinzi atakayenifukuza.”

Mawazo ya mzee huyo yalikuwa sawa na mawazo ya mpango uliokuwa umekwisha kuenea katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianza kazi iitwayo EcoMakala. Wenye mashamba madogo kandokando ya hifadhi walisaidiwa kupanda mikaratusi, gravilea na miakasia, ili Goma ipate makala ya miti iliyopandwa na mikono, na msitu wa asili upumzike. Pamoja na miti yakaja majiko yaliyoboreshwa, yenye tumbo la udongo linaloshika joto, ili chungu kile kile kiive kwa makala machache zaidi.

Kazi ya namna hiyo yataka fedha. Na sehemu ya fedha, hasa kwa ajili ya majiko, ilitafutwa katika ile biashara niliyoitaja mwanzoni: biashara ya hewa ya ukaa.

BIASHARA YA MOSHI

Tuieleze kwa mfano. Mtu mmoja anaishi Brussels, naye anasafiri kwa ndege kwenda Kinshasa na kurudi. Sehemu yake ya moshi wa ndege ile yakaribia tani moja au zaidi. Hawezi kuikusanya tena na kuirudisha katika tangi. Lakini dhamiri inamsumbua, au pengine sheria ya nchi yake inambana. Anaambiwa hivi: “Huko Goma mama mmoja akipata jiko bora ataacha kuchoma makala kadhaa kwa mwaka. Makala hayo yangetoa moshi, na miti yake ingekatwa. Lipa wewe gharama ya jiko, nasi tutakuandikia hati kwamba tani moja ya moshi haikutoka.” Hati moja ni tani moja. Hewa ni moja kwa dunia nzima, haina mpaka wala pasi. Tani isiyotoka Goma ni sawa na tani isiyotoka Brussels.

Kwa maneno hayo mambo yanaonekana kuwa mema. Masikini anapata jiko, msitu unapata nafuu, tajiri anapata amani. Lakini mwalimu wa hesabu hakubali jibu kabla hajaona njia. Yapo maswali manne ambayo kila mmoja wetu aweza kuyauliza bila kuwa mtaalamu.

La kwanza: je, jambo hili lisingetendeka bila fedha hizo? Kama mzee wa Kibumba alikuwa atapanda miti yake kwa vyovyote, kwa ajili ya ada ya wajukuu, basi aliyenunua hati amenunua kitu ambacho kingekuwapo tu. Moshi wake umebaki pale pale.

La pili: je, hesabu ni ya kweli? Mama akipewa jiko jipya akalitumia kwa chai tu, huku mbabula ya zamani ikiendelea kupika maharagi, makala yaliyopunguzwa ni machache kuliko yaliyoandikwa. Mwezi wa Januari 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa uchunguzi wao juu ya hati za majiko kutoka nchi nyingi; waliona kwamba kwa jumla zilihesabiwa karibu mara tisa kupita kiasi cha kweli. Haina maana kwamba majiko ni mabaya. Maana yake ni kwamba hati tisa kati ya kumi zilikuwa karatasi.

La tatu: je, moshi haukuhamia kwingine tu? Ukifunga njia moja ya wachoma makala, nao wakaingia msituni kwa njia ya pili, hakuna kilichookolewa.

La nne: je, itadumu? Hewa ya ukaa iliyofungwa katika mti imefungwa mradi mti umesimama. Swali hili la nne nitalirudia, kwa maana mzee yule ndiye aliyenifundisha jibu lake.

UPEPO WA TURKANA

Wako wanaosema: “Tuachane na miti, kwa kuwa mti huungua. Tulipie mitambo ya upepo. Upepo hauchomwi wala haukatwi.” Neno hili lina maana, na mfano wake mkubwa upo katika nchi ya Kenya.

Kule kaskazini, upande wa kusini-mashariki wa ziwa Turkana, upepo hupita kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru kama maji yapitavyo katika mfereji, karibu mwaka mzima. Karibu na Loiyangalani imesimamishwa minara 365, kila mmoja na mabawa matatu, na jumla yake yaweza kutoa megawati 310. Mwaka 2011, kabla minara haijasimama, mradi ule uliandikishwa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliotokana na mapatano ya Kyoto ya mwaka 1997, ili hati za moshi usiotoka ziuzwe na kusaidia gharama. Hesabu yake si ngumu kuielewa: umeme unaoletwa na upepo huchukua nafasi ya umeme ambao ungeletwa kwa kuchoma mafuta.

Lakini hata upepo una hadithi yake. Minara ilikamilika mwaka 2017, ikakaa bila kazi zaidi ya mwaka, kwa kuwa nguzo na nyaya za kupeleka umeme mpaka Suswa, kilometa zaidi ya 400, zilikuwa hazijakwisha. Umeme ukaanza kwenda mwezi wa Septemba 2018. Tena, nchi ile haikuwa tupu. Ni malisho ya Wasamburu, Waturkana, Warendille na Waelmolo. Wenyeji walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba ekari 150,000 zilitolewa bila wao kuulizwa kama sheria inavyotaka; na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilitolewa kinyume cha sheria.

Basi tunajifunza kwamba moshi waweza kuhesabiwa vizuri, na haki ya watu ikasahauliwa. Aliyenunua hati Ulaya aliona minara mizuri katika picha. Ng'ombe aliyepoteza malisho hakuwamo katika picha.

Nasi wa Kivu tusitamani mitambo ya upepo kwa kuwa wengine wanayo. Upepo wa ziwa letu hukausha nguo na kupoza uso wa mvuvi wa sambaza, lakini si ule upepo mrefu wa Turkana. Mungu alitugawia maji yanayoanguka. Kwenye mto Rutshuru, mahali paitwapo Matebe, ulizinduliwa mwezi wa Desemba 2015 mtambo wa maji wa megawati 13.8 chini ya hifadhi ya Virunga, na baadaye nyaya zake zikafika hata Goma. Mjini pia, mtaa wa Ndosho, kampuni ya Nuru ilifungua mwezi wa Februari 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3. Katika safari yangu ya 2019 niliona kinu cha mahindi kikisaga kwa umeme wa Matebe, na vijana wawili wakichomelea madirisha ya chuma. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini chini ya taa hiyo ya umeme, mke wa mwenye kinu alikuwa akipuliza makala. Taa na chakula ni gharama mbili mbalimbali, na umeme wa kupikia bado ni ghali kwa mtu anayenunua makala ya kila siku kwa kopo.

KANYARUCHINYA

Sasa nirudi kwa mzee na swali la nne.

Mwaka 2022 vita ilirudi katika Rutshuru na Nyiragongo. Watu wa Kibumba walikimbia kuja kandokando ya Goma, wakapiga vibanda vya hema juu ya mawe meusi ya Kanyaruchinya. Mwanzoni mwa 2023 nilikwenda huko na wanafunzi wangu kupeleka nguo na sabuni. Nilimwona amekaa juu ya jiwe, amekonda, na mbele yake fungu la kuni mbichi.

Tulisalimiana. Nilichelewa kuuliza, lakini niliuliza.

“Mzee, na ile miti?”

“Nimesikia imekatwa, Mwalimu. Yote. Aliyekuwa na shoka alikata, mwenye bunduki alikata, mwenye njaa alikata.” Akanionyesha kuni zile kwa kidole. “Na hizi, wakwe zangu wamezitoa hifadhini asubuhi. Wanawake wale wanapokwenda mimi silali. Miti yangu imekatwa na wengine, nami nakata miti isiyo yangu. Nifanye nini? Watoto hawali unga mkavu.”

Nani angemhukumu? Wanawake wa kambi zile walikwenda msituni wakijua hatari inayowangoja njiani, na walikwenda, kwa kuwa chungu hakingoji amani.

Tufanye kwamba mtu wa Ulaya alikuwa amelipia tani za hewa zilizofungwa katika miti ya mzee huyo. Hati yake ingali safi katika kabati. Miti imekwisha kuwa moshi. Wenye biashara hii hulijua jambo hilo, na kwa hiyo huweka akiba: hati kadhaa hazikuuzwa, ili zifidie miti inayoungua au kukatwa. Ni busara. Lakini hakuna akiba inayotosha mahali ambapo vita inarudi kila baada ya miaka michache. Aliye tayari kulipia mti wa Kivu, na alipie kwanza amani ya Kivu. Asinunue madini yaliyochimbwa chini ya bunduki, kisha anunue hati ya mti uliokatwa na bunduki hiyo hiyo.

TUSEMEJE, BASI?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliitaja biashara hii waziwazi. Alionya kwamba kununua na kuuza hati za moshi kwaweza kuwa njia mpya ya ulanguzi, isiyopunguza hewa chafu ya dunia, tena ikawapa ruhusa nchi na watu fulani waendelee kutumia kupita kiasi. Sisi tuliofundishwa katekisimu tunaelewa upesi. Mtu hawezi kumlipa jirani ili jirani aache dhambi kwa niaba yake. Majuto ya kweli huanza nyumbani: kwanza uache, kisha ufidie usichoweza kuacha.

Je, maana yake tukatae fedha hizo? Sivyo. Aliyeharibu hana budi kulipa, na msitu wa Kongo unaifanyia dunia nzima kazi. Lakini tuzipokee kama watu wanaolipwa deni, si kama watu wanaopewa sadaka. Anayekuja kijijini na karatasi za hewa ya ukaa aulizwe mbele ya wote: Ardhi hii itakuwa ya nani baada ya miaka ishirini? Katika bei ya kila hati, ni fungu gani linalomfikia mwenye shamba? Nani atakayehesabu, na nani atakayemhesabu mhesabuji? Na mkataba usomwe kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, wala asitie sahihi mtu asiyeusikia ukisomwa. Vijana wetu waliosoma, hii ni kazi yenu.

Pia yapo mambo yasiyongoja fedha ya mtu yeyote. Maharagi yakilowekwa usiku kucha huiva kwa makala machache zaidi. Chungu chenye kifuniko huchemka upesi kuliko chungu wazi. Gravilea mpakani hainyang'anyi viazi nafasi kubwa, na matawi yake ni kuni. Na usiku wa baridi jiko lenye makala lisiingizwe chumbani na mlango ukafungwa: makala yaliyokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, ndugu wa mazuku, ambayo huua watu wakiwa wamelala. Mambo haya ni madogo, lakini ni yetu.

Mwezi wa Januari 2025 vita iliingia mjini Goma penyewe, na M23 wakauchukua mji. Siku zile maji na umeme vilikatika, na hata mwenye nyumba ya fahari alikwenda kutafuta makala. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, na watu wa Kanyaruchinya wakarudi kwao, wengine kwenye nyumba zisizo na mabati.

Miezi kadhaa baadaye mjukuu wa yule mzee alishuka Goma na kabichi juu ya chukudu, akapita shuleni kunisalimu. Nilimwuliza habari za babu.

“Yupo, Mwalimu. Anakusalimu sana. Amesema nikuambie visiki vimechipuka.”

Ndivyo mkaratusi ulivyo: ukikatwa juu, shina hutoa machipukizi mengi. Mkulima mwenye akili huyapunguza, akaacha mawili au matatu yaliyo na nguvu. Kijana alisema babu yake hupita kila asubuhi na panga, kisiki kwa kisiki, akichagua.

“Na ada yako?” nilimwuliza.

“Babu amesema nisubiri miaka mitano,” akajibu, akacheka. “Lakini mimi nimemwambia nitaanza mwezi wa tisa. Kabichi zitalipa hiyo ya kwanza.”

Kisha akaweka goti juu ya chukudu, akashuka kuelekea sokoni.